Kutembelea hekalu la pangoni Elephanta, Mumbai: mwongozo kwa anayetoka Arusha au Moshi

Mapango ya Elephanta hufungwa kila Jumatatu. Hilo liwe mbele ya mengine yote, kwa sababu Mtanzania aliyeko Mumbai mara nyingi hakwenda kutalii. Kaenda kumsindikiza mgonjwa, kaenda kufuata mzigo wa biashara, au kaenda kumwona mtoto anayesoma huko, na siku ya kupumua anayoipata ni moja tu. Ikiangukia Jumatatu, panga jambo lingine. Usiende gatini kubahatisha, maana boti za kuzungusha watu bandarini unaweza kuzikuta, na mpiga debe wa pale hana sababu ya kukueleza kwamba lango la mapango limefungwa.

Elephanta ni kisiwa kidogo ndani ya bandari ya Mumbai, kilomita kama 10 mashariki ya jiji. Wenyeji wanakiita Gharapuri; jina tunalolijua lilitoka kwa Wareno, waliokuta tembo mkubwa wa jiwe karibu na mahali walipoteremkia. Pango kuu lilichongwa yapata katikati ya karne ya 6 kwa ajili ya mungu Shiva, na UNESCO imeliweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1987.

Usitegemee tundu la kupenya kwa kuinama kama yale mahandaki ya Wachagga kule Marangu. Hapa mafundi waliuingilia mlima wa basalti, jiwe jeusi la volkano la ukoo mmoja na hayo tunayojengea misingi ya nyumba Arusha na Moshi, wakawa wanautoa mwamba kidogo kidogo mpaka ukabaki ukumbi wenye nguzo, dari na sanamu. Hakuna jiwe lililoletwa kutoka nje likapachikwa. Nguzo hazibebi dari kwa maana ya kawaida ya ujenzi. Nguzo na dari ni mwamba mmoja. Hata hivyo mafundi walichonga mihimili juu yake, kama vile wanajenga nyumba ya mbao. Ukiingia, inua macho uitafute hiyo mihimili. Kutoka mlango wa kaskazini hadi ukuta wa nyuma ni mita 39 hivi, kwa hiyo andaa miguu na macho.

Kabla ya kupanda ndege

Viza ya kielektroniki huombwa kwenye tovuti ya serikali ya India, indianvisaonline.gov.in. Angalia herufi za anwani moja moja kabla ya kuingiza namba ya pasipoti, kwa sababu zipo tovuti nyingi zinazofanana nayo ambazo ni za mawakala, na wao huongeza ada yao juu. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6 na kurasa mbili tupu. Utaratibu unataka maombi yaingie si chini ya siku 4 kabla ya kufika; sisi tunasema wiki mbili, kwa sababu picha ikikataliwa au jina likikosewa herufi utahitaji muda wa kurudia. Chapisha jibu la idhini kwenye karatasi. Simu huishiwa chaji mahali pabaya, na foleni ya uhamiaji ni mojawapo.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni jambo la kufa na kupona kwenye safari hii. India ni kali kwa wasafiri wanaotoka au kupita nchi zenye ugonjwa huo Afrika, na asiye na cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo sindano ya juzi haikusaidii. Ukishachanjwa mara moja inatosha maisha. Kadi ya zamani bado inafanya kazi, ili mradi jina lifanane na la pasipoti. Anayeunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi asijaribu kabisa kusafiri bila kadi hiyo.

Kuhusu njia, kutoka KIA unaweza kuunganisha Addis Ababa au Doha. Wengine hushuka Dar es Salaam, wengine hupita Namanga kwenda Nairobi, ambako ipo ndege ya moja kwa moja hadi Mumbai. Linganisha nauli pamoja na gharama ya basi na usiku wa kulala njiani. Mara nyingi tiketi inayoonekana ya bei nafuu huacha kuwa nafuu ukishalipa hoteli ya Nairobi.

Badilisha shilingi kuwa dola hapa hapa nyumbani, noti safi zisizo na mikunjo wala maandishi, kisha dola uzigeuze kuwa rupia ukifika. Shilingi yetu haina soko kule. Wahindi wenyewe hulipa kwa simu hata kwa muuza chai, lakini mfumo wao kwa kawaida unategemea akaunti ya benki ya kwao, hivyo mgeni ni bora awe na fedha taslimu. Uwe na noti ndogo za rupia 10, 20, 50 na 100. Ukimtolea mwenye kibanda cha kisiwani noti ya 500 kwa ajili ya chupa ya maji, mtabaki mnatazamana.

Majira yasipimwe kwa kalenda ya Arusha. Wakati huku Juni na Julai ni baridi na vumbi, Mumbai ndiko mvua kubwa inapiga, kuanzia Juni hadi Septemba. Bahari huchafuka, na boti zinaweza kusimamishwa siku hiyo hiyo bila taarifa ya jana yake. Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari. Machi hadi Mei joto lake ni la kunata, na mtu aliyezoea hewa ya mita 1,400 ya Arusha atalihisi zaidi ya mtu wa Tanga. Epuka Jumamosi na Jumapili ukiweza. Siku ya Mahashivratri, sikukuu ya Shiva ambayo hufuata mwezi na huangukia Februari au Machi, waumini huja kisiwani kwa wingi. Ni siku nzuri ya kuona ibada, lakini si siku ya kutazama sanamu kwa utulivu.

Kama hujawahi kuingia hekalu la Kihindu, fanya mazoezi kabla ya kusafiri. Mahekalu yapo Arusha mjini na Moshi mjini. Nenda nje ya saa za ibada, omba ruhusa, vua viatu, kaa kimya, na uliza nani ni nani: yule mwenye kichwa cha tembo ni Ganesha, mwana wa Shiva, yule fahali aliyelala ni Nandi, kipando cha Shiva. Ukishawatambua hawa kwenye sanamu zilizo nzima na zenye rangi, kuwatambua kwenye jiwe lililovunjika ni rahisi zaidi. Nusu saa ya pale itakuokolea nusu ya siku ya kule.

Kutoka mjini hadi kisiwani

Saa ya Mumbai iko mbele ya yetu kwa saa 2 na nusu. Boti ya kwanza huondoka kama saa 3 asubuhi kwa saa za kule, na anayetaka kuliona pango kabla halijajaa awe gatini saa 2 na nusu. Gati liko nyuma ya Gateway of India, tao kubwa la mawe lililokamilika 1924 ufukweni kusini mwa jiji.

Sasa, usafiri. Bajaji hazifiki huko. Vitongoji vya kaskazini vimejaa bajaji, wenyewe wakiziita auto au rikisho, lakini haziruhusiwi kuingia Mumbai ya kusini. Ukikodi moja kutoka hotelini itakushusha njiani na utalazimika kuchukua teksi. Panda treni ya mjini hadi kituo cha Churchgate au CSMT (Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus), kisha teksi nyeusi na njano kwa mwendo mfupi hadi Gateway, ukisisitiza mita iwashwe. Tatizo la treni ni kwamba asubuhi abiria wote wanaelekea kusini pamoja na wewe, na kati ya saa 2 na saa 5 msongamano wake unaifanya daladala ya Kilombero saa za jioni ionekane ya starehe. Panda kabla ya saa 1 na nusu, au lipa teksi moja kwa moja. Mwenye mzee au mtoto asijadili: teksi.

Kwenye uwanja wa Gateway mabegi hukaguliwa, kwa hiyo acha kisu cha matunda hotelini na ubebe pasipoti au nakala yake. Tiketi nunua dirishani, si mkononi mwa mtu anayekufuata. Nauli ya kwenda na kurudi imekuwa ikicheza kati ya rupia 200 na 300, na ukitaka kukaa sitaha ya juu unaongeza kidogo ukiwa ndani. Tunza kipande cha kurudia. Bila hicho utalipa upya. Safari ni saa moja hivi, polepole, katikati ya meli za mizigo na za jeshi la majini.

Vaa jaketi la kujiokoa tangu boti inapoondoka, ulifunge mikanda yake, hata kama abiria wengine wamelikalia. Tarehe 18 Desemba 2024 boti ya jeshi la majini iligonga boti ya abiria iliyokuwa ikielekea Elephanta, na watu zaidi ya 10 walikufa. Ukiona boti imejazwa kupita kiasi, shuka usubiri inayofuata. Huondoka kila baada ya nusu saa hivi. Anayechafukwa tumbo na bahari akae chini, katikati, mbali na moshi wa injini.

Ukishuka kisiwani kuna gati refu, lenye treni ndogo ya kuchezea ambayo watoto wataililia. Kwa miguu ni dakika chache tu. Hapo hulipwa ushuru mdogo wa kijiji, kisha ngazi za mawe, kama 120, zenye vibanda vya shanga na vinyago pande zote. Mtu mzima mwenye afya hupanda kwa dakika 15 akipumzika. Asiyeweza hukodi kiti kinachobebwa na wapagazi mabegani. Kubaliana bei, kwenda na kurudi, kabla hajakaa. Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji abaki hotelini hata akisema anajisikia vizuri. Tatizo si ngazi peke yake, ni ile saa moja ya kutikiswa na mawimbi mbali na daktari. Manunuzi fanya wakati wa kushuka, usije ukabeba tembo wa jiwe kwenda na kurudi.

Juu kuna dirisha la tiketi za mapango. Tangu 2018 raia wa nje hulipa rupia 600 na Mhindi rupia 40. Watoto chini ya miaka 15 huingia bure. Mtu wa Arusha haitamshangaza hesabu hii, ndiyo ileile ya getini Ngorongoro. Mtanzania mwenye asili ya Kihindi naye hulipa kama mgeni, isipokuwa awe na kadi ya OCI, ile ambayo serikali ya India huwapa wenye asili ya huko walio raia wa nchi nyingine, ambayo humpa bei ya raia. Aibebe.

Halafu kuna tumbili. Hawaogopi watu na wanajua sauti ya mfuko wa plastiki. Chakula kisionekane mkononi, chupa ya soda au juisi iwe ndani ya begi lililofungwa zipu, miwani ya kichwani ishushwe. Akishakunyang'anya kitu, kiache. Usimkazie macho wala kumwonyesha meno, kwa kuwa kwake huo ni mwito wa vita, na kuumwa na mnyama India maana yake ni kuanza sindano za kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo.

Ndani ya pango kuu

Hapa ndipo wageni wengi hupoteza walichokifuata. Wanaingia kwa mlango wa kaskazini, wanaona mbali mbele yao kichwa kikubwa chenye nyuso tatu, wanakwenda moja kwa moja, wanapiga picha, wanageuka. Dakika 20 zimekwisha. Tatizo lao ni mambo mawili: macho na mwelekeo.

Macho kwanza. Unatoka kwenye jua kali unaingia kwenye kivuli cha jiwe jeusi, na sanamu nazo ni jiwe jeusi hilo hilo. Dakika za mwanzo utaona nguzo na mabonge tu. Simama ndani ya mlango dakika 5 hadi 10 bila kutazama simu, maana mwanga wa simu unarudisha macho mwanzo. Usitumie tochi wala flashi. Mwanga wa kupiga usoni unafuta vivuli, na sanamu iliyochongwa ukutani inaonekana kwa vivuli vyake. Mwanga mzuri ni ule wa ubavuni unaoingia kutoka ua wa mashariki asubuhi na wa magharibi alasiri. Kwa hiyo asubuhi anza mashariki.

Mwelekeo ndio jambo kubwa zaidi. Pango hili lina mistari miwili inayokatana. Mmoja ni wa kaskazini kwenda kusini, kutoka mlango wa leo hadi kwenye nyuso tatu. Mwingine ni wa mashariki kwenda magharibi, na huo ndio wa ibada, kwa sababu mwisho wake ni chumba cha linga, alama ya Shiva, ambacho ndicho moyo wa hekalu. Anayefuata mstari wa kwanza tu hukipita chumba hicho kama kibanda cha kando.

Basi fanya hivi. Ukiwa umesimama mlango wa kaskazini, pinda kushoto, vuka safu za nguzo hadi ua wa mashariki. Geuka, uingie tena ukitazama magharibi. Sasa nguzo zinajipanga pande mbili kama njia, na kule mwisho kuna mlango wa chumba cha linga. Kabla hujaufuata, angalia kulia na kushoto kwako. Kulia ni Ravana, jitu la vichwa 10, chini ya mlima Kailasa akijaribu kuung'oa, na Shiva juu yake akiutuliza kwa kukandamiza kidole cha mguu tu. Imeharibika sana, tafuta kwanza mikono mingi ya Ravana chini, mengine yatajipanga yenyewe. Kushoto ni Shiva na mkewe Parvati wamekaa wakicheza dadu, na mke amegeuza uso kwa sababu mume ameleta ujanja.

Endelea hadi kwenye chumba cha linga. Ni cha mraba, kimesimama peke yake, kina milango minne, na kila mlango una walinzi wawili wakubwa kuliko binadamu, jumla 8. Tumia muda kwa walinzi hawa, hasa yule utakayemkuta mzima kuliko wenzake, uone namna uzito wa mwili ulivyowekwa kwenye mguu mmoja. Ndani kuna linga tu, nguzo fupi ya jiwe isiyo na nakshi. Watu hutoka haraka wakidhani hakuna cha kuona, ilhali kwa mwabudu wa Shiva sadaka huwekwa hapo, na sanamu zote za ukutani ni maelezo ya kilicho humo.

Vua viatu kabla ya kuingia, hata kama hakuna anayekuambia. Kizunguke chumba kwa nje ukikiweka upande wako wa kulia, yaani kutoka mashariki kwenda kusini, magharibi, kaskazini. Ndivyo waumini wanavyozunguka, na ukifuata kinyume utakuwa unagongana nao siku yenye watu. Wewe Mwislamu au Mkristo hakuna anayekulazimisha kuabudu. Ukipewa ua au kitu kitamu na hutaki, unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa, inatosha.

Ukifika upande wa magharibi utakutana na sanamu mbili zinazopingana makusudi. Ya kusini ni harusi ya Shiva na Parvati: bibi harusi kasimama kulia kwa mumewe, macho chini, na Brahma, mungu muumbaji, akihudumia moto wa ndoa. Ya kaskazini ni Shiva akimuua jitu Andhaka. Ana meno yaliyochomoza na mikono mingi, na mmoja unashika bakuli. Litafute bakuli hilo, kwa sababu bila hilo kisa hakieleweki: kila tone la damu ya Andhaka likianguka ardhini lilizaa adui mwingine, kwa hiyo damu ilibidi ikingwe. Nyuma yake ametandaza ngozi ya tembo. Hii, kwa maoni yetu, ndiyo sanamu yenye nguvu kuliko zote pangoni, na wengi huikosa kwa kuwa wamekwisha choka.

Rudi mlango wa kaskazini kwa mbili nyingine. Ukiwa unatazama ndani, kulia ni Shiva mcheza ngoma, Nataraja, mikono mingi imekatika lakini kiwiliwili bado kinazunguka. Kushoto ni Shiva yule yule ametulia juu ya ua la yungiyungi kama mtawa. Ngoma na utulivu, mlango mmoja.

Sasa ndipo uende ukuta wa kusini. Nyuso tatu zina kimo cha mita 5 na nusu hivi, kuanzia kifuani tu. Utasikia waongoza watalii wakisema ni Brahma, Vishnu na Shiva, kwa sababu ya jina Trimurti, yaani maumbo matatu, lililozoeleka. Wataalamu wengi husema zote ni Shiva mwenyewe, na nyingine mbili, ya nyuma na ya juu, hazikuchongwa kwa kuwa haziwezi kuonekana. Ushahidi uko mbele yako. Uso wa kushoto kwako una masharubu na hasira, na mkono wake una nyoka: huyo ni Shiva mharibifu. Wa kulia ni laini, wa kike, unashika ua. Wa katikati umefumba macho. Usisimame katikati tu. Kaa kwanza mbali, kama hatua 15, uzione zote tatu pamoja. Kisha sogea kushoto mpaka uso wa hasira uwe peke yake, urudi kulia mpaka ule wa kike uwe peke yake.

Pembeni ya nyuso hizi, upande wa mashariki, ni Ardhanarishvara, Shiva nusu mwanamume nusu mwanamke, akimwegemea Nandi. Nusu ya kike iko kulia kwako: titi, nyonga iliyotoka, mkono wenye kioo. Pitisha jicho kutoka juu hadi chini kwenye mstari wa katikati uone hata pambo la kichwani linavyobadilika. Upande wa magharibi ni Shiva akiupokea mto Ganga unaoshuka kutoka mbinguni, ukiwa na umbo la mwanamke wa vichwa vitatu juu yake, ili usije ukaivunja dunia kwa uzito wake.

Utagundua sanamu nyingi hazina miguu. Wareno waliokitawala kisiwa kuanzia karne ya 16 wanalaumiwa kwa kuzipiga risasi, na maji yanayovuja kwenye mwamba nayo yamefanya yake kwa karne nyingi. Ndiyo sababu ya kutogusa: jasho na mafuta ya viganja hulainisha jiwe na kulitia weusi, na siku moja hupita maelfu ya viganja. Simu na kamera za mkononi hazina shida. Stendi ya kamera ya miguu mitatu inahitaji kibali, na droni usiitoe hata kwenye begi. Kwa picha ya gizani, egemeza mgongo kwenye uzio, shika pumzi, piga kwa pembe badala ya mbele kwa mbele.

Ukitaka mwongoza watalii, mwombe kitambulisho chake cha leseni na mpatane bei na muda kwanza. Saa moja inatosha. Mjaribu kwa swali moja: linga liko wapi? Akianza kukupeleka kwenye nyuso tatu, tafuta mwingine.

Baada ya pango kuu

Kwenye ua wa mashariki kuna hekalu dogo lenye simba wawili ngazini, na ndani yake Ganesha na safu ya mama watakatifu. Wengi hawaingii, ingia. Mapango mengine manne ya Kihindu yako ubavuni mwa mlima huo huo. Hayakukamilika au yameporomoka, nusu saa inayatosha. Juu zaidi kuna mizinga mikubwa ya Waingereza na mandhari ya bandari yote, kwa mwenye magoti. Mlima wa pili una mabaki ya Kibudha ambayo msafiri wa siku moja anaweza kuyaacha.

Boti ya mwisho huondoka kisiwani kama saa 11 na nusu jioni na wageni hawaruhusiwi kulala. Lenga ile ya saa 9 au saa 10, kwa sababu ya mwisho ndiyo inayojaa, na ukikosa nafasi hakuna pa kwenda. Kula kwenye migahawa ya chini au subiri mjini. Wali na dengu vya pale havina ubaya, barafu ya kwenye juisi ndiyo ya kuikwepa.

Yule tembo wa jiwe aliyewapa Wareno jina la kisiwa hayupo tena kisiwani. Mwaka 1864 Waingereza walijaribu kumpeleka kwao, winchi ikashindwa, akavunjika vipande. Aliungwa upya na sasa yuko mbele ya Jumba la Makumbusho la Dr. Bhau Daji Lad, mtaa wa Byculla, ambalo hufungwa Jumatano. Njiani ukirudi kaskazini kwa treni ya kutoka CSMT unaweza kushuka.

Mwenye siku mbili au tatu za ziada aangalie Ellora, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mumbai, karibu na mji wa Chhatrapati Sambhajinagar uliokuwa ukiitwa Aurangabad. Kuna mapango 34: 12 ya Wabudha, 17 ya Wahindu, 5 ya Wajaini. Namba 16 ni Kailasa, kazi iliyoanza karne ya 8 chini ya mfalme Krishna I wa ukoo wa kifalme wa Rashtrakuta. Huko mafundi hawakuingia mlimani, walichonga kutoka juu kwenda chini mpaka hekalu zima likasimama peke yake ndani ya shimo. Kwa hiyo usianzie mlangoni. Fuata kwanza njia ya kulia inayopanda ubavuni mwa mlima, ulitazame paa kutoka juu, pale patasi ya kwanza ilipoanzia, halafu ndipo ushuke uingie ndani.